Hell's Gate: Tazama vilima kabla ya kuteremka korongoni

Je, msomaji, watoto wako wamechoka kushinda nyumbani kila likizo wakitazama televisheni? Kama mwaishi Nairobi, hamhitaji gari la kukodi ili kuwaona wanyama wa porini. Hell's Gate, karibu na Ziwa Naivasha, iko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka jijini. Ni miongoni mwa mbuga chache nchini ambamo mgeni huruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na swara.

Abiri matatu hadi mjini Naivasha, kisha nyingine inayofuata barabara ya kusini mwa ziwa, na ushukie kwenye njia panda ya kuingilia mbugani. Baiskeli za kukodi zinapatikana hapo. Kiingilio hulipwa kupitia eCitizen, kwa hivyo usitegemee noti mfukoni. Ukishapita lango la Elsa utalakiwa na Fischer's Tower, nguzo ya mwamba yenye urefu wa mita 25 hivi. Jina hilo ni la Gustav Fischer, Mjerumani aliyefika hapa mwaka wa 1883.

Kulala hemani

Wanaotaka kulala mbugani wana viwanja vya kupigia kambi, kama vile Ol Dubai na Naiburta. Beba maji ya kutosha, tochi na blanketi nzito, kwani usiku wa Naivasha una baridi. Chakula kifungie vizuri: nyani hawabishi hodi. Giza likiingia usizurure mbali na hema, na nyati usimkaribie hata akionekana mpole.

Ndani ya korongo

Kivutio kikuu ni korongo la Ol Njorowa. Hapo kale ziwa lilikuwa kubwa kuliko lilivyo leo, na maji yaliyofurika yalitokea upande huu yakikata miamba laini ya volkano. Leo kuta zimesimama wima, na mahali pengine ni pembamba hata ukinyosha mikono wagusa pande zote mbili. Maji moto huchuruzika kutoka mwambani; waonye watoto wasiyaguse. Joto hilo la ardhini ndilo linalozalisha umeme hapo jirani, Olkaria, tangu 1981.

Lakini korongo hili pia limeua. Aprili 2012, vijana saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi walisombwa na mafuriko ya ghafla. Septemba 2019, watu wengine saba walifariki vivyo hivyo.

Dalili ya mvua ni mawingu, lakini ukiwa chini ya korongo mawingu hayo huenda usiyaone. Mvua hunyesha vilimani, mbali nawe, huku juani kwako kukiwa kukavu. Maji hukusanyika kutoka kila kijito na kuingia mahali pembamba pasipo pa kutawanyikia. Kijito cha kufika kwenye kifundo cha mguu hugeuka ghafla kuwa mto wenye matope na magogo.

Kwa hivyo, kabla hujateremka, waulize askari wa wanyama kama korongo limefunguliwa siku hiyo, na kama mvua imenyesha vilimani. Enda na kiongozi anayelijua korongo, naye akuonyeshe mapema mahali pa kupandia. Wakiwa ni wanafunzi wengi, wagawe katika makundi madogo, kila kundi na mtu mzima wake. Mkiona maji yakibadilika rangi au mkisikia ngurumo, pandeni papo hapo. Msingoje kupiga picha wala kurudia viatu.

Na kama wingu jeusi limetanda vilimani, liache korongo. Endesheni baiskeli juu uwandani, mle chapati zenu chini ya mwamba, mrudi nyumbani mkiwa idadi ile ile mliyotoka nayo. Korongo halihami, mtalikuta likizo ijayo.