Rongai: Nafuu ya kodi, gharama ya barabara

INAPOTIMU saa kumi na nusu alfajiri, matatu tayari zimepanga mstari kando ya Barabara ya Magadi mjini Ongata Rongai. Makanga wanagonga mabati ya magari wakiita abiria, mama muuza chai amekwisha kuwasha jiko lake la makaa, nao wafanyakazi waliojifunika majaketi wanaingia mmoja mmoja, wengi wakikusudia kumalizia usingizi njiani.

Ndiyo desturi ya kila siku ya kazi katika mji huu wa Kaunti ya Kajiado, ulio umbali wa kilomita 17 hivi kusini mwa katikati ya jiji la Nairobi. Umbali huo si mkubwa. Hata hivyo, anayetoka nyumbani saa moja baadaye huweza kuukuta msongamano wa magari ambao hautamwachilia hadi jua limekwisha kupanda.

Jumamosi alasiri mji huo huo huvaa sura nyingine kabisa. Watoto hucheza kandanda vichochoroni, muziki hutoka vinyozini, nyama huchomwa kwenye vibanda, na watu walioshinda juma zima wakikimbizana na saa huonekana wameketi vibarazani wakizungumza bila haraka.

Mtu akitaja mji wa starehe nchini Kenya, fikira za wengi hukimbilia Pwani. Rongai haina bahari wala ufuo. Lakini kwa mfanyakazi wa kipato cha kadiri anayetafuta nyumba anayoweza kuilipia, hewa safi na majirani wasio na makuu, hapa ndipo maelfu wametua. Suala linalostahili kuelezwa ni jinsi utulivu huo ulivyopatikana, na ni nani anayeulipia.

Uwanda mwembamba

Jina Ongata Rongai ni la Kimaasai, na maana yake ni uwanda mwembamba. Jina hilo lasadifu umbo la mahali. Upande wa magharibi kuna Milima ya Ngong, na upande wa mashariki, ng'ambo ya Mto Mbagathi, kuna Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, iliyotangazwa rasmi mwaka wa 1946. Mji umebanwa katikati, nao umenyooka kuifuata barabara iendayo Kiserian na hatimaye Ziwa Magadi.

Ardhi hii ilikuwa sehemu ya hifadhi ya kusini ambamo serikali ya kikoloni iliwasukuma Wamaasai kwa mikataba ya 1904 na 1911, baada ya kuwahamisha kutoka Bonde la Ufa na baadaye Laikipia. Walioambiwa kwamba huku ndiko kungekuwa kwao daima walikuja kuliona jiji likiwafuata huko huko.

Miongoni mwa shughuli za mwanzo zilizowaleta watu wa nje ni uchimbaji wa mawe ya kujengea. Mtaa wa Kware, ambao leo ni mmojawapo wa mitaa yenye watu wengi zaidi mjini, ulipata jina lake kutokana na machimbo hayo. Hivyo basi, Rongai ilianza kama kituo cha watu wa kazi za mikono, na sifa hiyo haijaiondoka hadi leo.

Sheria nayo ilichangia. Baada ya uhuru, ardhi ya Wamaasai wa Kajiado ilianza kupimwa na kutolewa hatimiliki, kwingine kwa mtu mmoja mmoja na kwingine kwa makundi ya wafugaji chini ya sheria ya mwaka wa 1968. Baadaye makundi mengi yaligawanya mashamba yao. Lile la Kitengela lilifanya hivyo mwaka wa 1988. Mfugaji mwenye hatimiliki aliweza kuuza, naye mfanyakazi wa Nairobi aliyeweka akiba kidogo kidogo katika chama cha akiba na mikopo aliweza kununua.

Kodi na kiwanja

Mwalimu, askari, fundi wa magari, karani wa ofisi na muuza nguo za mitumba wana hesabu inayofanana. Mshahara wao hautoshi kodi ya mitaa iliyo karibu na jiji kama vile Kilimani au Lavington. Mitaa ya mabanda nayo hawaitaki, hasa wakiwa na watoto. Rongai iliwapa njia ya tatu: chumba kimoja chenye bafu lake, au nyumba ya vyumba viwili ghorofani, kwa kodi isiyomeza mshahara wote.

Kwa aliyevuka daraja la kupanga kulikuwa na kiwanja cha futi 50 kwa 100, ambacho kwa Wakenya wengi ndicho kipimo cha kwanza cha mtu aliyejikwamua. Nyumba nyingi za Rongai zilijengwa kwa mtindo huo: msingi mwaka huu, kuta mwaka ujao, mabati mkopo utakapopatikana.

Vyuo navyo vilileta wapangaji. Chuo Kikuu cha Multimedia kiko kando ya Barabara ya Magadi kabla ya kuingia mjini, na Chuo Kikuu cha Africa Nazarene kiko upande wa Rongai unaopakana na mbuga. Wanafunzi huhitaji vyumba, chakula cha bei nafuu na usafiri, na wakazi wengi huishi kwa kuwapa huduma hizo.

Takwimu za sensa zinaonyesha matokeo. Mwaka wa 2009 Ongata Rongai ilihesabiwa kuwa na watu 40,178. Mwaka wa 2019 idadi hiyo ilikuwa zaidi ya 172,000. Hata ikikubalika kwamba mipaka ya miji huchorwa upya kati ya sensa moja na nyingine, ukuaji huo ni wa kushangaza. Kaunti nzima ya Kajiado ilipanda kutoka watu 687,312 hadi 1,117,840 katika muda huo huo.

Kitengela, iliyo kwenye barabara ya kuelekea Namanga, ina simulizi inayokaribiana na hiyo. Wakazi wake wengi walivutwa na viwanda vya saruji vya Athi River pamoja na eneo la viwanda vya bidhaa za kuuzwa nje, maarufu kama EPZ. Tofauti ni kwamba Kitengela ina ajira jirani, ilhali riziki ya Rongai kwa kiasi kikubwa iko Nairobi.

Saa zinazopotea

Hapo ndipo gharama inapoanza kuonekana. Kwa miongo mingi Rongai ilitegemea barabara moja nyembamba, njia moja ya kwenda na nyingine ya kurudi. Magari ya Kiserian, Rongai na vitongoji vyote vya kati hukutana kwenye barabara hiyo, kisha huungana na ya Lang'ata karibu na Bomas, yapite Uwanja wa Ndege wa Wilson na Uwanja wa Nyayo ndipo yaingie jijini. Ajali moja au mvua ya saa moja hutosha kuusimamisha mji mzima.

Mtu anayetumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi hupoteza saa 20 kwa juma la siku tano. Hizo ni zaidi ya siku mbili za kazi ambazo hakuna mwajiri anayezilipa. Kodi aliyoiokoa huilipa kwa usingizi wake na kwa muda ambao angekaa na wanawe. Wapo wazazi ambao katika siku za kazi huwaona watoto wao wakiwa wamelala tu, asubuhi na usiku.

Nauli nayo haitabiriki. Mvua ikinyesha jioni, hupanda papo hapo, na abiria hana la kufanya ila kulipa au kungoja.

Katika mazingira hayo, matatu za nambari 125 za Rongai na 126 za Kiserian zilijijengea utamaduni wao. Zimepambwa kwa michoro, taa za rangi na runinga, na muziki wake husikika kabla gari halijaonekana. Kanuni za aliyekuwa Waziri wa Uchukuzi, marehemu John Michuki, zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, zililazimisha mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano ubavuni, na kwa muda mapambo yakafifia. Lakini yalirudi. Vijana huyapenda magari hayo. Wazee hulalamikia kelele na mwendo wa kasi. Wote wawili huyapanda, maana hakuna badala.

Jinsi mkazi wa Likoni mjini Mombasa anavyoipanga siku yake kwa kufuata feri, ndivyo mkazi wa Rongai anavyoipanga yake kwa kufuata matatu. Reli mpya ya kutoka Nairobi hadi Suswa, iliyofunguliwa Oktoba 2019, ina kituo kinachoitwa Ongata Rongai. Lakini kituo hicho kiko mbali na katikati ya mji, na treni yenyewe huanzia Syokimau wala si katikati ya jiji. Kwa anayetakiwa kuwa ofisini saa mbili asubuhi, haimfai kitu.

'Ng'ambo' ya jiji

Kutokana na safari hizo, watu wa Nairobi walibuni mzaha kwamba Rongai ni ng'ambo, na kwamba anayekwenda huko sharti achukue pasipoti. Wakazi wenyewe huucheka mzaha huo na hata kuuendeleza.

Hata hivyo, serikali yenyewe ilithibitisha kinyume chake. Aprili 2020, ilipopiga marufuku kuingia na kutoka eneo la jiji la Nairobi ili kuzuia msambao wa virusi vya corona, Ongata Rongai, Kiserian, Ngong na Kitengela zilitajwa kuwa ndani ya eneo hilo, na hali ikabaki hivyo hadi Julai. Mji uliodhihakiwa kuwa ughaibuni ukawa umefungiwa pamoja na jiji.

Mzaha na amri hiyo vinaeleza tatizo moja. Kiuchumi Rongai ni mtaa wa Nairobi. Kiutawala ni mji wa Kajiado. Kabla ya 2013 ilikuwa chini ya Baraza la Olkejuado, chombo kilichoundwa kusimamia wilaya pana ya wafugaji. Majengo ya ghorofa yaliota huku taratibu za mipango zikiwa bado ni za mashambani.

Dalili kubwa ya upungufu huo ni maji. Kampuni ya Oloolaiser ndiyo yenye jukumu la kusambaza maji Ngong, Rongai na Kiserian, lakini mifereji haikuwahi kwenda sambamba na kasi ya ujenzi. Wakazi wengi wamezoea maji ya visima virefu, ya malori na ya mitungi ya lita 20 inayosukumwa kwa mikokoteni. Maji ya visima vya eneo hili mara nyingi huwa na madini mengi ya floraidi, ambayo yakizidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, huyatia meno ya watoto madoa ya kahawia yasiyofutika.

Majitaka nayo, kwa miaka mingi, yalihifadhiwa katika mashimo yaliyohitaji kunyonywa na malori, na mvua kubwa ilipokuja, si yote yaliyosubiri lori. Mwenye kisima na mwenye shimo wakiwa majirani katika viwanja vya futi 50, hatari haihitaji maelezo marefu.

Simba na mpaka

Wapo wengine wanaolipa: wafugaji na wanyamapori. Mpaka wa kusini wa mbuga, kando ya Mto Mbagathi, uliachwa wazi ili nyumbu na pundamilia waende malisho ya Kitengela na Kaputiei nyakati za mvua na kurudi wakati wa kiangazi. Kila ua linalojengwa huiziba njia hiyo. Mwaka wa 2000 ulianzishwa mpango wa kuwalipa wafugaji wa Kitengela dola 4 za Marekani kwa ekari kwa mwaka ili wasiuze wala kuzungushia ua ardhi yao. Nia ilikuwa njema, ila malipo hayo yalikuwa madogo mno mbele ya bei ya kiwanja.

Wanyama wa mawindo wakipungua, simba hufuata mifugo. Juni 2012 wanakijiji wa Ilmasin, Kitengela, waliwaua simba sita waliovamia mifugo yao. Aprili 2025 simba jike alimuua msichana mmoja katika shamba lililopakana na mbuga. Mchezo wa mtu kuishi karibu na pori una gharama ambayo haiandikwi katika mkataba wa upangaji.

Mamlaka ya usafiri ya eneo la jiji, NAMATA, iliyoundwa mwaka wa 2017 kuhudumia Nairobi na kaunti jirani ikiwemo Kajiado, ilipanga njia za mabasi ya mwendo wa kasi na kuzipa majina ya wanyama. Iliyopangwa kuanzia Rongai, kupitia Lang'ata na katikati ya jiji hadi Thika na Kenol, iliitwa Simba. Wakazi wana haki ya kutabasamu kwa uchungu: simba wa nyama na damu waliwatangulia Simba wa mabasi.

Ukweli ni kwamba Rongai si mbali. Imefanywa kuwa mbali na barabara, na kwa kuachwa baina ya kaunti mbili ambazo moja huchukua jasho la watu wake mchana na nyingine huwapokea wakiwa wamechoka usiku. Mji huo umewapa wafanyakazi kile ambacho jiji liliwanyima, yaani nafasi ya kuishi kwa heshima kwa mshahara mdogo. Wahenga walisema rahisi ghali. Kila alfajiri, saa kumi na nusu, wakazi wa Rongai huanza tena kuilipa tofauti.