Mtihani Ukichanganyika: Uadilifu Wa Mwalimu Kwa Wanafunzi Wake

Himdi zote Anastahiki Allaah (Subhaanahu wa Ta'aalaa), na Rahmah na amani zimshukie Mtume Muhammad (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam).

Alama za mtihani ni amana. Mzazi wa Pemba aliyeuza karafuu zake kulipa ada ya chuo anategemea kuwa mwanawe atapewa anachostahiki, si zaidi wala pungufu. Katika Suratun-Nisaa, Aayah ya 58, Allaah Ametuamrisha kuzirejesha amana kwa wenyewe na kuhukumu baina ya watu kwa uadilifu.

Tuchukulie mtihani wa alama 100. Katika chumba kimoja karatasi zimetoka bila ukurasa wa mwisho, wenye suali la alama 20, na mhadhiri amegundua baada ya mtihani kwisha. Njia nyepesi ni kulifuta suali hilo kwa wote. Lakini mwanafunzi wa chumba cha pili aliyepata 54 katika alama 80 za mwanzo, na 18 katika suali hilo, ana 72. Likifutwa, anabaki na 67.5 katika mia. Amepunguziwa kwa kosa lisilo lake. Na kuwapa 20 za bure waliokosa ukurasa ni kuwadhulumu waliojibu.

Tunaloona liko karibu zaidi na uadilifu ni hili:

1. Mhadhiri aitangaze hitilafu mapema na kuifikisha idara ya mitihani, asiamue peke yake kwa siri.

2. Waliokosa ukurasa wapewe suali jingine la uzito ule ule, kwa muda unaolingana.

3. Uamuzi upitishwe kabla ya kutazama nani atanufaika.

Al-Bukhaariy na Muslim wamepokea kwamba baba yake An-Nu'maan bin Bashiyr (Radhwiya Allaahu 'anhumaa) alimpa mwanawe huyo zawadi, akamwendea Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa aalihi wa sallam) amshuhudie. Alipoulizwa kama amewapa wanawe wote mfano wake, akajibu hapana. Akaamrishwa kuwafanyia uadilifu, naye akairudisha zawadi. Tunajifunza kuwa mgao usio sawa hurekebishwa hata baada ya kutolewa.

Nasi wazazi, tusimpigie simu mhadhiri kwa kuwa ni jamaa yetu. Mtoto apeleke malalamiko yake chuoni mwenyewe, aseme kweli, hata ikiwa kweli hiyo itampunguzia alama.

Wa Allaahu A'lam.