Je, kutomwamini Mungu nako ni imani?

Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 iliorodhesha watu 755,750 wasio na dini. Waumini wengi husema kwamba anayemkana Mungu naye ana imani: anasadiki asichoweza kukithibitisha. Je, ni kweli?

Jibu hutegemea msimamo wa mtu. Tuchukue mfano wa forodha ya Busia, au ya Malaba wilayani Tororo. Dereva asemaye lori lake limebeba saruji hudaiwa hati. Ofisa ambaye hajaridhika hajadai lolote, anasubiri ushahidi. Lakini akitamka kwamba ndani mna magendo, naye hudaiwa uthibitisho. Vivyo hivyo, asiyesadiki kwa kukosa hoja hahitaji imani. Anayekana katakata ana dai la kutetea.

Waumini nao hukumbusha kwamba imani si hati tu, bali ni kumtegemea Mungu maishani. Tegemeo hilo mkanaji hana, hata akiwa na uhakika.

Kifungu cha 32 cha Katiba ya Kenya na cha 29 cha Katiba ya Uganda hulinda uhuru wa dhamiri. Avukaye mpaka hubadili sarafu. Haki hiyo haibadiliki, awe muumini au la.