Nairobi hadi Mombasa ni saa moja? Piga hesabu tena

Uliza simu yako umbali wa ndege kutoka JKIA hadi Uwanja wa Moi, Mombasa. Itakujibu chap chap: kilomita 420 hivi, kama saa moja. Basi umeitwa mahojiano ya kazi Mombasa saa nne asubuhi, unajiambia utapanda ndege ya saa mbili, ushuke saa tatu, ubaki na saa nzima ya kunywa chai. Wapi!

Hizo 420 ni za mstari ulionyooka angani. Kwa barabara ni karibu 480. Ndege kubwa ikishafika juu hukata kama kilomita 800 kwa saa, kwa hivyo kwa hesabu ya darasani ingemaliza safari kwa nusu saa tu. Lakini lazima kwanza ijikokote hadi barabara ya kurukia, ingoje zamu, ipande, na kabla hujamaliza juisi yako inaanza kushuka. Ratiba huhesabu hayo yote, ndiyo maana inaandikwa saa moja hata kama hewani mmekaa dakika 45.

Sasa ongeza saa ambazo tiketi haizitaji. Tuseme unaishi Githurai. Matatu hadi tao, halafu namba 34 hadi uwanjani: weka saa moja na nusu. Langoni JKIA kuna ukaguzi. Unashauriwa kufika saa mbili mapema. Ukitua Mombasa, uwanja uko bara, upande wa Changamwe, si kisiwani. Weka saa nyingine hadi mjini. Jumla ni saa tano na nusu. Yaani utatoka nyumbani saa kumi na nusu alfajiri na kufika kwa mwajiri saa nne kamili, jasho likikutiririka.

SGR je? Treni ya moja kwa moja kutoka Syokimau hadi Miritini huchukua kama saa tano. Ongeza saa moja na nusu ya kufika stesheni, saa ya ukaguzi na saa ya kuingia mjini: nane na nusu. Kwa hivyo ndege bado inashinda, ila kwa saa tatu, si nne kama tiketi inavyokudanganya.

Hapo ndipo mfuko unaongea. Nauli ya kawaida ya treni ilipanda kutoka 1,000 hadi 1,500 Januari 2024. Ukipata ndege ya 7,500, tofauti ni 6,000. Gawa kwa tatu: unanunua kila saa kwa 2,000.

Kama unawahi mazishi, au mzazi amelazwa, lipa bila kujiuliza. Kama ni wikendi ya kuota jua Nyali, buda, hiyo 6,000 ni samaki wa siku ngapi?