Je, Wajua? Mbawakawa wa Maharage Ana Pingili ya Siri

Mbawakawa wa jenasi Ootheca, anayetoboa majani ya maharage na kunde Afrika Mashariki, ana urefu wa takriban milimita 6 tu. Usimtambue kwa rangi pekee: wengine ni wa rangi ya chungwa, wengine weusi, wengine mchanganyiko. Mchunguze hivi:

• Mwili: una umbo la yai na unang'aa. Mbawa mbili ngumu za juu hufunika mbili laini za kurukia.

• Papasi: ni ndefu na nyembamba, zenye pingili 11. Mbawakawa wa madoa anayekula vidukari ana papasi fupi zenye kirungu nchani.

• Nyayo: huonekana zina pingili 4, kumbe ni 5! Ya nne ni ndogo mno, imejificha kati ya ndewe mbili za pingili ya tatu.

• Ulaji: huacha matundu katikati ya mishipa ya jani.

Mabuu yake hula mizizi ardhini. Wakishakomaa, husubiri humo humo kiangazi kipite, kisha huibuka mvua zinapoanza na kuvamia miche michanga. Ndiyo maana kulima shamba mara baada ya kuvuna, na kubadilisha mazao, hupunguza idadi yao.