Watoto wenye usonji Katavi ni wangapi?

Katika kata ya Majengo, Manispaa ya Mpanda, kama ilivyo kote Tanzania, mtoto hupelekwa kliniki kuchanjwa surua akiwa na miezi 9, kisha tena akifikisha 18. Dozi hiyo ya pili hurukwa na wengi kuliko ya kwanza, nayo huangukia umri ambao dalili za usonji huanza kujitokeza: mtoto haitiki akiitwa jina, haonyeshi kitu kwa kidole, hamtazami usoni anayemsemesha, au maneno machache aliyokuwa nayo yanapotea.

Watoto wenye dalili hizo ni wengi kiasi gani? Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Sensa ya 2022 iliihesabia Katavi watu 1,152,958. Uwiano huo ukichukuliwa kama ulivyo, mkoa una watu wapatao 9,000 wenye hali hiyo, na maelfu kati yao ni watoto, maana karibu nusu ya Watanzania hawajafikisha miaka 18.

Mbona hawaonekani? Kwa sababu anayehesabiwa ni yule aliyepimwa. Mwaka 1978 mtafiti Victor Lotter alichapisha matokeo ya safari yake katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo. Kati ya watoto zaidi ya 1,300 wenye ulemavu wa akili aliowatafuta kwenye taasisi, alipata 9 tu wenye usonji, na wengi wao walitoka familia zenye uwezo. Mtoto wa maskini aliyebaki uani kwa bibi yake hakuingia kwenye hesabu. Marekani nako, kiwango kwa watoto wa miaka 8 kilipanda kutoka 1 kati ya 150 mwaka 2000 hadi 1 kati ya 31 mwaka 2022, hasa kwa kuwa vigezo vilipanuliwa na upimaji ukaenea.

Kuhusu chanzo cha usonji, utafiti mmoja wa Tanzania wa mwaka 2006 unastahili kukumbukwa. Kati ya watoto 14 waliothibitika kuwa na usonji, 3 walikuwa wamekua vizuri hadi walipougua malaria kali yenye homa na degedege. Idadi hiyo ni ndogo mno kuthibitisha chanzo, na usonji kwa sehemu kubwa hutokana na urithi. Lakini malaria kali hujulikana kuacha kifafa na ugumu wa kujifunza, kwa hiyo kumtibu mtoto mapema ni kuulinda ubongo wake.

Chanjo haihusiki na usonji: makala ya 1998 iliyoituhumu ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Uchawi haumo, wala mama hana kosa. Mzazi mwenye wasiwasi asikubali kuambiwa tu “subiri, ataongea”. Aombe mtoto apimwe masikio, kisha aombe rufaa.