Kivuli Kama Shahidi: Jinsi Raia Wanavyopima Ukweli wa Habari za Vita

Habari za vita aghalabu hutolewa na wale wanaopigana, na kila upande huvutia kamba kwake. Siku hizi, hata hivyo, wako raia wasioajiriwa na gazeti wala serikali yoyote ambao huzichunguza habari hizo kwa kutumia picha zinazopigwa vitani na kusambazwa kwa njia ya intaneti. Makala haya yanaeleza kanuni za kisayansi wanazozitumia.

Mahali

Swali la kwanza ni hili: picha ilipigwa wapi? Mchunguzi huorodhesha vitu visivyohama, kama vile mnara, njia panda, umbo la paa na safu ya vilima. Kisha huvilinganisha na picha za setilaiti. Kitu kimoja kikilingana hakitoshi. Vingi vikilingana kwa mpangilio uleule, uwezekano wa kukosea hupungua sana.

Wakati

Hapa jua hutumika kama saa. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kila saa, na kwa hiyo vivuli hubadilika daima. Tuchukue mfano wa nguzo ya mita 3 iliyosimama wima juu ya ardhi tambarare. Picha inaonyesha kwamba ncha ya kivuli chake inagusa ukingo wa barabara. Kwa kuwa picha hupotosha umbali, mchunguzi hupima kutoka nguzo hadi ukingo huo kwenye picha ya setilaiti, naye hupata mita 5.2. Basi tanjenti ya pembe ya jua ni 3 ÷ 5.2, yaani 0.577, na pembe yenyewe ni nyuzi 30. Jua hufikia pembe hiyo mara mbili kwa siku, asubuhi na alasiri. Upande kinakoelekea kivuli ndio unaoamua. Tarehe ikijulikana, saa hupatikana. Hivyo msemaji wa jeshi akidai kwamba shambulio lilitokea jioni, kivuli chaweza kumkanusha.

Mfano wa Ukraine

Tarehe 17 Julai 2014, ndege ya abiria MH17 ya Malaysia iliangushwa mashariki mwa Ukraine, na watu 298 wakafa. Pande mbili zilitupiana lawama. Kundi la Bellingcat, lililoanzishwa mwezi huohuo na Mwingereza Eliot Higgins, lilikusanya picha za gari la makombora aina ya Buk zilizopigwa na wapita njia. Kwa kulinganisha alama na mibonyeo ya gari hilo, lilihitimisha kuwa lilitoka katika Brigedi ya 53 ya jeshi la Urusi. Mwaka 2018 wachunguzi rasmi wa nchi tano walifikia hitimisho hilohilo. Urusi imeendelea kukanusha.

Mipaka ya njia hii

Picha haionyeshi aliyetoa amri. Pasipo simu hapana picha, na ukosefu wa picha hauthibitishi kwamba hakuna aliyeuawa. Aidha, picha zaweza kughushiwa. Kwa sababu hizo mchunguzi mwadilifu huchapisha kila hatua ya upimaji wake, ili yeyote, hata adui yake, aweze kuirudia na kuikosoa.

Zoezi

Wanafunzi wasimamishe fimbo ya mita 1 uwanjani, wapige picha kivuli chake, kisha darasa jingine litafute saa ambayo picha ilipigwa.